Viraka vya Mwanamke wa Kisima

Nyinyi mnaokaa kwenye vibanda vya video, mnaobonyeza kitufe kisha mnatoka nje kutafuta chapati huku picha ikijiendesha yenyewe, siwaonei wivu na wala siwadharau. Naona tu kwamba kazi yenu haiwachomi vidole. Ya kwetu ilituchoma vidole, na macho, na mambo mengine nitakayoyasema nikipata nguvu.

Mnaniuliza kila mara, "Mzee Ezati, wewe ulikuwa fundi wa sinema, mbona picha za kutisha huangalii?" Halafu mnacheka, mnadhani naogopa mizimu. Siogopi mizimu. Nimeona majini ya kila aina yakitoka kwenye mikebe ya bati, na mimi mwenyewe nikayafungia humo tena kabla ya kwenda kula. Ninayoikwepa ni sehemu ya tatu ya Mwanamke wa Kisima. Ilikuwa picha mbovu sana, mbovu mpaka mtu angeweza kucheka, na mimi tangu siku ile sijaweza kuicheka.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili nilipoingia chumba cha mashine pale Arua. Jumba la sinema lilikuwa mali ya Mhindi mmoja mpole tuliyemwita Tajiri. Fundi mkuu alikuwa Mzee Farajala, Mnubi wa pale pale mjini, ambaye babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudani akaweka bunduki chini akaoa. Mzee mwenyewe alijifunza mashine jeshini enzi za Waingereza. Alikuwa mfupi, kanzu yake safi hata kwenye masizi yale, na hakupiga kelele. Ukikosea alikugonga sikio kwa rula ya mbao, kidogo tu, kisha akaendelea na kazi kama kwamba rula imejigonga yenyewe.

Tulikuwa na mashine mbili. Picha moja ilikuja kwa mikebe mitano au sita, kila mkebe rili moja ya dakika ishirini hivi. Rili ikikaribia kuisha, kidoa kinatokea pembeni juu ya picha, unawasha mashine ya pili. Kinatokea cha pili, unahamisha. Ukichelewa, watu wanaona kitambaa cheupe na kuanza kukutukana mama yako. Taa ya kila mashine ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vinavyotoa cheche, na lazima uvisogeze polepole kadiri vinavyolika. Filamu yenyewe hairuhusiwi kusimama mbele ya taa ile. Ikisimama, hata kwa muda wa kupiga chafya, inaungua: katikati ya picha inatokea doa la kahawia, linachemka, linakula uso wa mtu, basi.

Ikiungua au ikikatika unaunga. Unakata pande mbili kwa wembe, unalamba ncha ilainike, unaikwangua mpaka iwe nyeupe, unapaka gundi, unabana, unahesabu pumzi ishirini. Nimelamba picha nyingi kuliko peremende. Baadaye gundi ilipopotea madukani Mzee alitengeneza yake mwenyewe kwa kuyeyusha vipande vya filamu kwenye dawa ya kutoa rangi za kucha, na dawa hiyo tuliiomba kwa wake za maofisa, ambao walitutazama kwa mashaka makubwa.

Mzee Farajala alikuwa na sifa mji mzima kwa jambo moja: viraka. Rili ikija pungufu, au ikiwa imechakaa mpaka matundu ya pembeni yamekwisha, hakuwaacha watu na kitambaa cheupe. Alikwenda stoo, akapekua mikebe ya picha za zamani, akachagua kipande, akakitia. Siku moja picha ya wapanda farasi ilikatika pale mwizi anapokimbilia ndani ya nyumba. Mzee akatia harusi ya Kihindi, ngoma na maua, dakika nne nzima, kisha mwizi akatoka mlango wa nyuma akiwa anahema. Watu walipiga makofi. Mama mmoja wa sokoni alinisimamisha kesho yake akasema, "Ile mwizi iliponea kwenye harusi, mimi nafurahi sana!" Tulicheka wiki nzima. Arua ilijua kuwa Mzee anashona picha kama fundi cherehani anavyoshona suruali, na ilimpenda kwa hilo.

Sasa Mwanamke wa Kisima. Jina lake la kweli lilikuwa la kigeni, sisi tulilibatiza hilo. Sehemu ya kwanza ilikuja mwaka wa sabini na moja. Daktari anahamia nyumba yenye kisima uani, na ndani ya kisima yumo mwanamke ambaye mumewe alimuua akamzika humo. Tajiri aliionyesha wiki tatu. Watu waliacha kuchota maji magharibi, na akina mama walikuja kumlaumu Tajiri dukani kwake.

Baadaye tulipakia ile picha pamoja na mashine ndogo na jenereta tukaipeleka Koboko. Onyesho lilifanyika ndani ya ghala la pamba, mchana, tumeziba madirisha kwa magunia. Mzee aliniachia mashine akaenda kuswali. Mbele kulikuwa na msichana anauza karanga, na mimi kijana mjinga nikataka kumwonyesha kwamba ni mimi ninayeyaendesha majini yale. Nilimwita aje achungulie. Nilikuwa namweleza, mkono wangu kiunoni, wakati mashine ilipokwama. Picha ilikuwa imefika pale ambapo mkono wa mwanamke unatoka kisimani, mkono mrefu, kucha zimepinda, unashika ukingo wa mawe. Ulianza kuchemka ukingali umeshika ukingo. Mpaka nakumbuka kuzima taa, mkono wote ulikuwa umekwisha, na watu wa Koboko walikuwa wamesimama juu ya mabenchi wanapiga kelele, "Moto! Moto iko nakula jini!"

Mzee alirudi akaona. Hakunigonga sikio. Alikata sehemu iliyoungua, kiasi cha pima moja na nusu, akaunga, akaviringisha mabaki kwenye gazeti akayatupa chooni. Nilikuwa nalia kwa aibu, maana Tajiri alikuwa amesema wazi kuwa atakayeunguza filamu hana kazi.

"Nyamaza," akaniambia. "Hii kitu iko ya mimi sasa. Mimi nasema kwa Tajiri, filamu ilikuja hivi. Wewe usisema kwa mutu."

Nami sikusema. Tangu siku ile, Mwanamke wa Kisima wetu aliruka. Nywele zinajitokeza juu ya maji, halafu ghafla daktari yuko chini anavuja damu shingoni. Hatukujua kwamba watu wangeupenda mruko huo. Walibishana barazani ni kitu gani kilichomkamata daktari: wengine walisema meno, wengine nyoka, na kinyozi mmoja aliapa ni mkia. Mkono haukutajwa na mtu, kwa sababu waliouona Arua kabla hatujaenda Koboko walikuwa wameanza kujishuku wao wenyewe.

Kisha Wahindi wakaondolewa nchini. Tajiri alikuja chumba cha mashine akatupa mkono wa kwaheri, akagusa kila mashine kama mtu anayeaga ng'ombe wake, akaondoka na sanduku moja. Jumba lilipewa kepteni mmoja wa jeshi. Nyumbani kwake kulikuwa Koboko na mapato yake yalikuwa Arua. Tulimwita Kepteni Miwani, kwa sababu alivaa miwani myeusi hata ndani ya sinema, na mpaka leo sielewi alikuwa anaona nini.

Picha zikawa adimu. Sehemu ya pili ya Mwanamke wa Kisima ilikuja mara moja tu, siku tatu, ikaondoka. Baada ya hapo tulikula tulichoachiwa stoo, na humo ilikuwamo sehemu ya kwanza, maana Tajiri hakupata muda wa kuirudisha Kampala. Mzee aliikata vipande akavitia kwenye picha nyingine, kidogo kidogo, miaka ikapita. Mpaka mwaka wa sabini na sita mikebe yake ilikuwa nusu tupu. Hatukuona ubaya. Viraka ndivyo vilivyokuwa vinaliweka jumba wazi.

Mwaka huo Kepteni akatangaza kuwa ameleta sehemu ya tatu. Alizungusha pikapu yenye kipaza sauti mpaka Inde, siku nne mfululizo: mpya kabisa, Mwanamke wa Kisima amerudi, ana hasira kuliko zamani. Akaalika maofisa wenzake na wake zao, Jumamosi saa tisa mchana. Viti vya mbele vikafunikwa vitambaa.

Vijana wangu, nifuateni hapa. Rili usiyoipitisha mkononi usiionyeshe. Unaiviringisha kwa mkono, filamu inapita katikati ya vidole, unausikia kila mkato na kila tundu lililochanika. Kazi hiyo kwa rili tano inataka muda wa saa tatu. Pikapu ilileta mikebe saa saba na nusu. Mzee akasema tuahirishe mpaka Jumapili. Kepteni akasema, "Jumapili? Mimi nitaambia wakubwa warudi nyumbani kwa sababu ya vidole yako?" Basi tukatia rili ya kwanza kama ilivyo. Nilichoona tu ni kwamba ilijaa mikato, kwa kuwa ilikuwa imeshatembea majumba mengi kabla ya kutufikia sisi wa mwisho.

Jumba lilijaa mpaka ngazini. Picha ikaanza: yule daktari wa sehemu ya kwanza amelala kitandani hospitalini, amenenepa, mashavu kama maandazi. Polisi mwenye daftari anakaa karibu naye, anamwambia, nieleze yote tangu mwanzo. Daktari anafumba macho. Moshi unajaa kwenye kitambaa. Moshi unapoondoka tunamwona daktari yule yule, mwembamba, anashuka kwenye gari mbele ya nyumba yenye kisima.

Ilikuwa sehemu ya kwanza, kama ilivyokuwa, na suti ile ile. Watu walinyamaza wakidhani ni kumbukumbu fupi. Dakika kumi zikapita. Tukarudi kitandani, polisi akasema, halafu? Moshi tena. Sehemu ya pili, kaburi na mbwa. Kitandani. Halafu? Moshi. Mwanamke mwenyewe hakuonekana mahali popote papya. Mara moja tu walionyesha mtu amevaa shuka, amegeuka nyuma, na hata nywele hazikuwa zake. Picha nzima mpya haikuzidi chumba kimoja, kitanda kimoja na daftari.

Arua ikaanza kuchoka kwa sauti. "Sasa iko nafungua dirisha!" mtu akapaza sauti, na daktari akafungua dirisha. "Sasa paka!" Paka akaruka. "Huyu mugonjwa gani, ugonjwa nanenepesha yeye?" Kicheko kikaenda mpaka viti vya mbele, na nikawaona maofisa wakimgusa Kepteni begani na kucheka. Kepteni hakucheka. Mimi juu kwenye tundu langu nilicheka, ndiyo, nilicheka sana.

Kama saa moja tangu picha ianze, tukafika kisimani. Nywele zikajitokeza juu ya maji, nami nikajiandaa kwa ule mruko wetu. Haukuja. Mkono ukatoka. Ulitoka wote, mrefu, kucha zimepinda, ukashika ukingo wa mawe, ukajivuta, ukaenda shingoni kwa daktari. Baadhi ya watu walipiga yowe la kweli, la pekee siku hiyo. Wengi walikuwa wameshageuka kuzungumza na majirani zao. Mimi nilisimama mdomo wazi. Mzee Farajala alikuwa kwenye mashine ya pili, macho yake kwenye tundu lake. Sikujua kama ameona.

Picha ilipoisha, Kepteni alipanda ngazi na askari wawili. Alifunga mlango.

"Filamu yangu iko wapi?"

"Afande, iko hii," Mzee akasema, akaonyesha mikebe.

"Wewe nafikiri mimi iko mjinga? Hii iko ya zamani! Kila mutu iko najua wewe nakata picha, nashona picha. Kitanda iko mpya, polisi iko mpya, ingine yote iko kiraka yako. Ile ya kweli mulipeleka Kongo. Muliuza huko Aru, ngambo ya mpaka."

"Afande, ilikuja mchana huu tu..."

"Fungua stoo!"

Tukafungua. Akaona mikebe ya sehemu ya kwanza, nusu tupu. Akachukua mmoja akautikisa mbele ya pua ya Mzee. "Vipande ya hii iko wapi? Iko ndani ya filamu yangu!"

Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Nani angetuamini? Viraka vilikuwa desturi yetu, na hata vile vya sehemu ya pili wangesema tulivikata siku zile tatu. Nani pale Arua angesadiki kwamba watu wakubwa huko wanakotengeneza picha, wenye mashine na pesa, nao wangekaa wakapasha moto viporo vyao na kutuuzia kama chakula kipya? Sisi tulifanya hivyo kwa shida. Hata mimi, kama nisingeuona mkono ule, pengine ningemshuku Mzee.

Lakini nilikuwa nimeuona. Nakala yetu haikuwa na mkono. Mimi ndiye niliyeuunguza Koboko, na mabaki yalikwenda chooni. Filamu mpya ilikuwa nao. Kwa hiyo isingeweza kushonwa kutokana na yetu. Ilitosha niseme maneno hayo machache tu. Na ili niyaseme ilibidi nikiri kwamba niliunguza filamu na kuficha, mbele ya Kepteni, siku zile ambazo watu walichukuliwa kwa kuvunja taa ya gari. Hesabu yake ilikuwa wazi kichwani mwangu.

Mzee alinitazama. Mara moja tu, bila ukali, kwa muda kidogo. Nilijiambia kwamba ananiamuru kama siku ile ya ghala: nyamaza, usisema kwa mutu. Nikashukuru kimoyomoyo, nikanyamaza.

"Mutu ya viraka iko mimi," Mzee akasema. "Huyu kijana nabeba mikebe tu."

Wakamwambia ashuke. Alikuwa bado na wembe wa kukatia mfukoni, akautoa akauweka mezani, akanyoosha kanzu yake. Nilisimama dirishani nikaiona pikapu ile ya matangazo ikiondoka naye, kipaza sauti kikiwa bado kimefungwa juu.

Usiku ule ulinikata maini. Alfajiri ya Jumapili niliitoa rili yenye mkono, nikaiviringisha mpaka nikapapata mahali penyewe, nikatia alama ya uzi, nikapanda lori la samaki linalokwenda Koboko. Njia nzima niliukumbatia ule mkebe. Nilikuwa nimepanga maneno. Niliyarudia mpaka mwanamke mmoja kando yangu akaniuliza kama ninaswali.

Kepteni alikuwa barazani kwake anakunywa chai. Nilipiga magoti, nikakiri yote, ghala, msichana wa karanga, moto, chooni. Nikainua filamu nikaielekeza kwenye jua. "Afande, angalia hapa. Mkono. Yetu haikuwa na huu."

Alivua miwani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake. Yalikuwa madogo, ya mtu aliyechoka. Alitazama picha moja moja kwa muda mrefu. Kisha akamwita mpishi wake, mzee wa pale pale Koboko.

"Wewe ulikuwa kwa ghala siku filamu iliungua?"

"Nilikuwa, afande. Moto ilikula mkono ya jini. Koboko yote ilikuwa pale."

Kepteni akaurudisha ule utepe mikononi mwangu kwa uangalifu, kana kwamba ni kitu cha thamani. Akacheka kidogo, peke yake. "Kumbe ile watu ya kutengeneza picha ilidanganya mimi."

"Ndiyo, afande. Basi naomba Mzee arudi nyumbani."

Akavaa miwani yake. "Mzee alikubali jana. Tulimuuliza nani mwingine, akasema hakuna, yeye peke yake, aliuza Kongo. Akaweka kidole kwa karatasi. Gari ilimuchukua asubuhi, kabla ya jua."

"Imempeleka wapi, afande?"

"Wewe nachelewa," akasema, akainua kikombe chake. Nilibaki nimepiga magoti mpaka mpishi aliponishika mkono akanitoa nje.

Sikumwona tena Mzee Farajala. Hakuna aliyemwona. Niliuliza kila dereva aliyekuwa anatoka upande wa mto mkubwa, ambako waliochukuliwa walitupwa, mwaka mzima, mpaka mmoja akaniambia kwa wema niache kuuliza.

Na Kepteni? Jumamosi iliyofuata alirudisha pikapu barabarani: filamu ni ya kweli, imethibitishwa, watu wote waje. Wakaja. Askari walisimama kuta zote mbili. Niliionyesha peke yangu, mashine mbili, nikikimbia huku na huku. Kila moshi ulipotanda na kumbukumbu ile ile kurudi, watu walipiga makofi, kwa mpangilio, kama shuleni. Hakuna aliyetaja dirisha wala paka. Sijapata kusikia jumba la kutisha kama lile, na halikuwa na jini hata mmoja.

Kwa Mama Zaituna, mke wa Mzee, nilikuwa nimekwenda Jumapili ile ile niliporudi kutoka Koboko. Nilimweleza habari za karatasi na gari. Nilimweleza pia mkono, kwamba nilipeleka ushahidi, kwamba Kepteni alikubali, kwamba tulichelewa. Nilisema "tulichelewa." Hakulia mbele yangu. Alinipa maji ya kunywa. Sikusema ni lini niliuona mkono, naye hakuuliza. Miaka mitatu nilikwenda kila Ijumaa, nikakata kuni, nikaziba paa, na kila Ijumaa nililingoja lile swali na halikuja, nikaanza kuamini kwamba halitakuja kabisa.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilipokaribia, mji mzima uliingia barabarani kuelekea Kongo. Nilimchukua Mama Zaituna, kwa kuwa wanawe walikuwa mbali. Tulikwenda kwa miguu. Alasiri tulipumzika kando ya shamba la mtama, watu wakipita na magodoro na kuku. Nilikuwa namfunga upya mzigo wake wakati aliponiita.

"Ezati. Ile mkono wewe uliona siku gani?"

Nilifunga fundo, nikalifungua, nikalifunga tena. "Jumamosi," nikasema. "Kwenye sinema. Kabla hawajamchukua."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anajua.

"Yeye pia iliona," akasema. "Wakati wanamuchukua, walipita nyumbani, achukue koti. Aliniambia, hii kitu iko na dawa, Ezati ameiona, mimi nilimwangalia aseme. Akisema, mimi narudi leo. Aliniambia, mimi hapana weza sema badala yake, nilishaahidi yeye. Halafu akasema, asiposema, wewe Mama Zaituna usimuulize. Iko kijana."

Magodoro yaliendelea kupita. Sikuweza kumtazama.

"Mimi nilijaribu," Mama Zaituna akasema. "Miaka tatu nilijaribu kutouliza."

Akainuka kwa shida, akakataa mkono wangu, akainama akauchukua mzigo wake mwenyewe, akajitwika. Akasema tutembee, mpaka uko karibu. Nikatembea nyuma yake.